Uhuru wa bodi umekuja hasi, supavaiza anataka chanya: upeleke matokeo yapi?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujapeleka kazi, wengi huwa wanauliza wakishatoka kwenye paneli na hapo hakuna cha kusaidia.

Kwa wengine mnaosoma, kifupi ishu yake ni hii. Anasoma masters ya uhasibu na fedha, tasnifu yake inauliza kama benki za Tanzania zenye wakurugenzi huru wengi kwenye bodi (yaani wasio na uhusiano na menejimenti wala wanahisa wakubwa) zinafanya vizuri kuliko zingine. Kachukua benki 20, mwaka 2014 mpaka 2021, kapiga regresheni (hesabu ya kuona vitu viwili vinavyokwenda pamoja), upande mmoja ROA (yaani faida ukigawa kwa mali zote), upande mwingine asilimia ya wakurugenzi huru. Jibu likaja hasi. Supavaiza kamwambia nadharia inasema chanya, rudi kaangalie data. Mwenzake darasani kamshauri atoe benki ndogo tatu, katoa, mara ikawa chanya na nyota mbili juu (alama ya kuonyesha matokeo hayaonekani kuwa ya bahati tu). Sasa anauliza apeleke ipi, na kama anaweza kufelishwa kwa kupeleka ile hasi.

Jibu langu: peleka ile ya benki 20, na zile tatu zirudishe leo leo. Ila usiipeleke hivohivo ilivyo, maana hata hiyo hasi yenyewe haimaanishi unachodhani inamaanisha. Nieleze taratibu.

Kwanza hilo la kutoa benki. Ukitoa benki tatu kwa sababu uliyoandika kabla ya kuona matokeo, mfano ulisema toka mwanzo utaangalia benki za biashara tu na hizo tatu ni benki za wananchi, hapo sawa, eleza na endelea. Lakini ukizitoa kwa sababu zinaharibu ishara, hapo hujapima kitu tena, umechagua jibu halafu ukatafuta data ya kulibeba. Na nyota zako mbili hazina maana yoyote, kwasababu ile thamani ya p (kipimo kinachoonyesha ni rahisi kiasi gani kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) inahesabiwa kana kwamba ulijaribu mara moja, wakati ulijaribu ukakataa, ukajaribu tena mpaka ukapata. Hili tatizo sio la wanafunzi peke yao. Mwaka 2016 Harvey, Liu na Zhu walikusanya zaidi ya vigezo 300 ambavyo watafiti wa fedha walishadai vinaeleza mapato ya hisa, wakasema kwa wingi huo wa kujaribujaribu, kipimo cha kawaida cha t (namba inayopima matokeo yako mbali kiasi gani na bahati) kuzidi 2 hakitoshi tena, angalau kivuke 3, na kwamba mengi ya yale yaliyochapishwa huenda ni uongo wa bahati. Hao ni maprofesa kwenye majarida makubwa kabisa ya fani.

Na kwenye uhasibu wenyewe kuna la James Hunton wa Chuo Kikuu cha Bentley, Marekani, ambalo kila mwanafunzi wa utafiti inabidi alijue. Alikuwa jina kubwa sana. Mwaka 2010 alichapisha na mwenzake kuhusu wakaguzi wanavyojadiliana hatari za udanganyifu, wakasema data imetoka ofisi 150 za kampuni moja ya ukaguzi nchini Marekani. Idadi hiyo ya ofisi ndo ikaja kuhojiwa, akaombwa athibitishe data ilipotoka, hakuweza. Mwaka 2012 makala ikaondolewa, yeye akajiuzulu, 2014 chuo kikatoa matokeo ya uchunguzi wake, na mpaka mwisho makala zaidi ya 30 zikafutwa. Angalia kilichoanzisha: hesabu ya ofisi. Sikwambii kutoa benki tatu ni sawa na kutunga data, sio sawa, lakini mkaguzi wa nje wa tasnifu yako naye anajua kuhesabu benki, na atauliza hizi tatu zimeenda wapi.

Sasa twende kwa supavaiza na "nadharia inasema chanya". Kwa heshima zote, nadharia haisemi hivyo. Jensen na Meckling 1976, ambao najua umewaweka kwenye chapta ya pili kwasababu kila mtu anawaweka, wanazungumzia mgongano kati ya mwenye mali na meneja na wa tatu ambaye ni mkopeshaji, nani abebe gharama ya kumchunga nani. Hawakuandika popote kwamba ukiongeza wakurugenzi huru ROA itapanda. Na waliokuja kupima bodi zenyewe walikuta jambo ambalo linaeleza hasi yako vizuri kabisa. Hermalin na Weisbach mwaka 1988 walionyesha kwamba kampuni ikianza kufanya vibaya, wakurugenzi wa ndani wanaondoka na wa nje wanaingizwa. Yaani utendaji mbovu ndo unaleta wakurugenzi huru! Tena kwenye benki ndo zaidi, kwasababu benki ikiyumba msimamizi anaibana, wanahisa wanabanwa, wanatafutwa watu wapya wenye majina safi, BoT (Benki Kuu ya Tanzania) inawapitisha, halafu we mtafiti unakuja unaona mwaka huo uhuru umepanda na faida iko chini unasema uhuru unashusha faida. Mshale umeusoma kinyume.

Na ukidhani ni data ya Tanzania ndo ndogo, Wintoki, Linck na Netter mwaka 2012 walichukua kampuni 6,000 za Marekani kwa miaka 1991 mpaka 2003, wakatumia njia inayozingatia kwamba bodi ya leo imezaliwa na utendaji wa jana, na hawakukuta uhusiano wa sababu na matokeo kati ya muundo wa bodi na utendaji. Kampuni elfu sita hawakuona kitu. We una 20. Kwahiyo ukienda kwa supavaiza mpelekee hao wawili, 1988 na 2012, mwambie kwa adabu kwamba hasi, au sifuri, ni jambo ambalo fani inalitegemea na imelieleza. Supavaiza mzuri ataelewa, tena nadhani atafurahi. Usimwambie kakosea, mwambie "mwalimu, nimekuta haya, naomba tuyaingize kwenye majadiliano".

Sasa kuna kitu kwenye maelezo yako kimenishtua kuliko hilo la ishara, wala wewe hujakiuliza. Umesema benki 20 ulizichagua kwasababu zina ripoti za miaka yote 2014 mpaka 2021. Miaka yote. Hebu fikiria hapo Tanzania nini kilitokea katikati. Mei 2017 benki ya FBME ilifutiwa leseni. Januari 2018 BoT ikafunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Wakulima Kagera na Meru. Agosti mwaka huohuo Bank M ikawekwa chini ya usimamizi wa BoT, na Januari 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa benki ya Azania. Benki zote hizo haziwezi kuwa na ripoti ya 2021, kwahiyo sharti lako la "miaka yote" limezifuta zote kabla hata hujafungua Excel. Yaani unaandika tasnifu kuhusu bodi na utendaji wa benki Tanzania, halafu benki ambazo bodi zake zilishindwa kazi hazimo! Zimebaki zilizopona tu. Ukiniuliza mimi, hapo ndo penye tatizo kubwa la tasnifu yako, kubwa kuliko nyota.

Na nahisi zile tatu ndogo ulizozitoa ni za aina hiyohiyo, ndogo, zinahangaika na mtaji, zimeponea chupuchupu. Ndo maana zikitoka picha inakuwa nzuri. Zenyewe ndo zilikuwa zinakuambia jambo.

Data ya benki zilizokufa utapata wapi, tovuti zao hazipo? Magazetini. Benki zote Tanzania zinatakiwa kutangaza hesabu kila robo mwaka kwenye magazeti, lile tangazo la maandishi madogo ambalo watu wanalipita wakitafuta michezo. Nenda maktaba ya chuo au Maktaba Kuu, omba magazeti ya mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba, piga picha kwa simu, kaa uingize namba kwa mkono. Inachosha, lakini mle unakuta mikopo, amana, mtaji, uwiano wa mikopo chechefu (isiyolipwa ipasavyo), mpaka idadi ya wafanyakazi na matawi. Majina ya wakurugenzi wa benki hizo yatafute kwenye ripoti zao za zamani kama kuna mtu kazihifadhi, au omba kwa barua rasmi ya chuo. Hata ukipata benki mbili tu kati ya hizo saba, tasnifu yako itakuwa na kitu ambacho nyingi hazina.

Halafu ROA yenyewe. Umeitumia kama kipimo cha utendaji mzuri na kila mtu anafanya hivo, lakini hebu twende jirani kidogo, Kenya, Oktoba 2015. Imperial Bank. Benki ilikuwa inatangaza faida nzuri, ina bodi, ina mkaguzi wa nje, ilikuwa imeuza hati fungani ya shilingi bilioni 2 za Kenya iliyopitishwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, na siku ileile hati hizo zilikuwa zianze kuuzwa sokoni, tarehe 13 Oktoba, Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya usimamizi maalum kwasababu mkurugenzi mkuu alikuwa amefariki mwezi uliopita na wizi wa miaka mingi ukafichuka, zaidi ya bilioni 30. Miezi sita haijaisha, Aprili 2016, ikafuata Chase Bank: ilitoa hesabu, ikazitoa upya, na mikopo kwa watu wa ndani ikapanda sana kutoka ile iliyotangazwa mwanzo, na amana za watu zikafungiwa.

Sasa jiulize, mtafiti aliyepiga regresheni kama yako kwa benki za Kenya mwaka 2010 mpaka 2014, Imperial ilionekanaje kwake? Ilionekana benki bora. ROA safi. Namba iliyopikwa imeingia upande wa "utendaji mzuri", na bodi ambayo haikuona wizi imehesabiwa kama bodi iliyoleta faida. Hii ndo hatari ya kutumia faida ya kwenye vitabu kupima kama bodi inawachunga wanaoandika vitabu. Kile kinachopimwa na anayepimwa vimeshikana mikono. Ukiendelea na ROA basi angalau weka pembeni kitu kigumu zaidi kuchezea: mikopo iliyofutwa kabisa, kuandika upya hesabu za mwaka uliopita, faini, maoni ya mkaguzi yenye kasoro (yaani hakuridhika kabisa na hesabu), na kwa Kenya ule mstari wa mikopo kwa watu wa ndani ulio kwenye maelezo mengine ya hesabu za robo mwaka. Sio kwamba haviwezi kudanganywa, Chase inatuonyesha vinaweza, lakini vikibadilika ghafla vinasema kitu.

Na hao "wakurugenzi huru" wako umewahesabuje? Nimeona kwenye jedwali ulilonitumia umechukua idadi ya wasio watendaji. Wasio watendaji sio wote huru! Fungua ripoti ya wakurugenzi mwanzoni mwa hesabu, kuna jedwali lenye jina, cheo, umri, uraia, taaluma, tarehe ya kuteuliwa, na mbele kidogo mahudhurio ya vikao. Kaa na hilo jedwali. Utakuta mtu ameandikwa asiye mtendaji kumbe ni ofisa wa kampuni mama nje ya nchi, huyo ni mwakilishi wa mwanahisa. Utakuta mwingine yumo toka 2005. Kwa kanuni za utawala za Kenya za 2015 mkurugenzi akifikisha miaka tisa hahesabiwi tena huru, we kwa Tanzania unaweza kuazima kigezo hicho kama jaribio la pili ukasema wazi umekiazima. Utakuta mwingine yuko huru kweli ila vikao vinne kahudhuria kimoja. Ukishawapanga upya hivyo kwa mkono, benki moja baada ya nyingine, sitashangaa asilimia zako zikaanguka karibu nusu kwa baadhi ya benki, na hiyo ni kazi halali ya utafiti tofauti kabisa na kutoa benki, kwasababu unafanya bila kuangalia matokeo. Ifanye kabla ya kugusa Stata (programu ya takwimu) tena.

La hesabu nitapita haraka. Benki 20 mara miaka minane unaona una data 160, lakini bodi ya benki moja haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwahiyo taarifa halisi uliyonayo iko karibu zaidi na 20 kuliko 160. Makosa sanifu (kipimo cha makadirio yako kuyumba) yakusanye kwa benki, yaani miaka yote ya benki moja ihesabiwe kundi moja, na kwa kuwa makundi 20 ni machache tumia ile njia ya butistrapu ya makundi (kurudia hesabu mara nyingi kwa data iliyochanganywa upya kundi kwa kundi), ipo Stata na ipo R bure. Nakuhakikishia nyota nyingi zitadondoka zenyewe, hasi na chanya zote.

Haya, utaniambia sasa dokta umebomoa kila kitu nabaki na nini. Unabaki na vizuri kuliko ulivyoanza. Acha swali la "bodi huru inaleta faida?", hilo hulijibu kwa data hii wala mimi silijibu. Tafuta mahali ambapo kitu kimebadilika kutoka nje, benki zote zimekipokea siku moja, halafu angalia bodi tofauti zimekipokeaje. Wenzetu walishaenda mbali na hii njia, Nguyen na Nielsen mwaka 2010 waliangalia wakurugenzi huru waliofariki ghafla, kwasababu kifo cha ghafla hakipangwi na utendaji wa kampuni, wakakuta bei ya hisa inashuka kwa wastani wa asilimia 0.85. Sisi soko letu halina hisa zinazouzwa kila siku za kutosha kwa hilo, lakini tuna tarehe 1 Januari 2018.

Siku hiyo IFRS 9 ilianza, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusu pamoja na mengine mikopo ya benki. Kabla yake, kwa kanuni ya zamani IAS 39, benki ilikuwa inatenga fedha za mkopo mbovu pale dalili za ubovu zikishaonekana. Kuanzia hiyo siku inabidi ikadirie hasara inayotarajiwa toka mkopo unapotolewa, mikopo inagawanywa hatua tatu, na makadirio yamejaa maamuzi ya watu: uchumi utakuwaje, mteja akishindwa tutarudisha kiasi gani, dhamana ina thamani gani. Na hapa ndo utamu ulipo kwa mtafiti: tofauti ya siku ya kwanza haikupita kwenye faida ya mwaka, ilikatwa moja kwa moja kwenye faida iliyolimbikizwa. Menejimenti yenye mtaji mnene ilikuwa na kishawishi cha kutenga kubwa siku hiyo, haigusi faida, halafu miaka inayofuata kuirudisha kidogokidogo faida ionekane nzuri. Menejimenti yenye mtaji mwembamba kishawishi chake ni kinyume, itenge ndogo iwezekanavyo isiguse mtaji, na kumbuka ni wiki hiyohiyo BoT ilifunga benki tano kwa ajili ya mtaji, kwahiyo hofu ilikuwa ya kweli kabisa.

Kazi ya kamati ya ukaguzi ya bodi ilikuwa kusimama katikati hapo. Kwahiyo swali lako jipya: je, benki ambazo kamati yake ya ukaguzi tarehe 31 Desemba 2017 ilikuwa na wahasibu wenye sifa na watu huru kweli, makadirio yake ya siku ya kwanza yalikuja kuwa karibu zaidi na hasara iliyotokea 2018 mpaka 2020? Kamati imetangulia, namba imefuata, mshale haugeuki kirahisi. Bado kamati hazikugawiwa kwa bahati nasibu, uliandike hilo bila kuficha, ila uko mahali pazuri zaidi.

Na data ipo. Fungua hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2018 za benki yoyote kubwa, nenda kwenye noti ya kuhamia IFRS 9, utakuta jedwali lenye salio la kufunga 31 Desemba 2017 kwa kanuni ya zamani, marekebisho, na salio la kufungua 1 Januari 2018. Hayo marekebisho gawanya kwa mikopo yote, umepata namba moja ya benki moja. Halafu shuka kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji, utaona akiba ya kisheria ambayo benki inaweka pale kanuni za BoT zinapotaka itenge zaidi ya ilivyotenga kwa IFRS, yaani mikopo ileile imepimwa mara mbili na watu wawili wenye mawazo tofauti, na pengo limeandikwa wazi. Mwisho soma ukurasa wa mkaguzi, mambo makuu ya ukaguzi, karibu kila benki mwaka huo hasara ya mikopo ipo, soma mkaguzi anasema alifanya nini, maneno yanatofautiana kuliko unavyodhani.

Usichukue 20, chukua benki zote zilizotoa hesabu za 2018. Chora nukta, kila nukta na jina la benki yake, halafu eleza tatu zinazokaa mbali na wenzake kwa kurasa mbili mbili. Hakuna haja ya regresheni yenye vigezo tisa. Kwenye chapta ya nne weka pia regresheni yako ya kwanza ya benki 20, hasi yake kama ilivyo, weka na jedwali linaloonyesha ishara inageuka ukitoa zile tatu, na sema ni zipi na kwanini unadhani inageuka. Ukiandika mwenyewe hakuna wa kukukamata nayo.

Kuhusu kufeli: mimi nimekaa kwenye paneli nyingi na mtu hafelishwi kwa ishara hasi. Anafelishwa akiulizwa "hii benki kwanini haimo" akaanza kuangalia chini. Anza na kupanga upya wale wakurugenzi, kisha hiyo noti ya 2018 kwa benki kumi za kwanza, nitumie jedwali nikuangalizie kabla hujarudi kwa mwalimu wako.